Foleni ya Saa Saba

Mama Mwadime, na wewe Mama Chao, na nyote wa ushirika wetu wa Jumatano. Tangu nirudi mmekuwa mkinishika mkono njiani, "Ehe, Doha kulikuwaje?" Kila nikianza kusema, ama chai inafurika jikoni ama dereva anaitisha mahamri mawili na ya kufunga. Mara tatu nimeanza, mara tatu sijafika hata Doha yenyewe. Basi nimetoa daftari langu la masomo ya jioni, kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe, nimeandika kama ninavyosema. Mpokezane. Mkifika mahali mkashtuka, jueni mimi nilishtuka zaidi, maana nilikuwepo.

Mambo ya visa na tiketi nayaruka. Zawadi alishughulika nayo mwenyewe.

Zawadi ni kifungua mimba wangu. Huu mwaka wa tatu yuko Doha, anapanga malori kwenye depo ya makontena karibu na ile bandari yao kubwa, kusini mwa jiji. Mtoto wake, Imani, namlea mimi tangu ana miaka mitatu. Sasa ana sita, na ndiye anayenipangia vikombe kila asubuhi. Mwezi wa pili Zawadi akanipigia simu: "Mama, wananijaribu katika nafasi ya msimamizi wa zamu. Nikiipata nitaruhusiwa kuishi na mtoto. Njoo uone mahali Imani atakapokaa, moyo wako utulie."

Nikaenda. Haukutulia.

Mombasa: ndege iliyongoja kipuri

Ndege ilikuwa iondoke saa nne asubuhi. Ikaondoka saa kumi. Walitutangazia kuna kipuri kinaletwa kutoka Nairobi. Nikacheka peke yangu, hata ndege zina ugonjwa wa depo yetu!

Mama Chao umehamia Changamwe juzi tu, nikueleze. Pale langoni ninapouzia chai, depo ina mashine moja ya kunyanyua kontena. Tairi ikipasuka, kipuri kinaagizwa, na malori yanapanga mstari mpaka kwa kinyozi. Mashine ikipona, mwenye muhuri hayuko. Mwaka jana alienda matangani Kaloleni na muhuri mfukoni, siku tatu. Malori arubaini na zaidi, madereva wote wanakula kwangu. Miaka kumi na nane nimekaa kwenye lango lile, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akiteseka. Nilikuwa nahesabu vikombe.

Basi uwanjani nikafungua kikapu nikagawa mahamri. Bibi mmoja wa Kihindi akanipa pilipili ya kukaanga. Tukala hivyo, hatuelewani neno, tunacheka tu.

Ndani ya ndege wakaniletea wali, na pembeni tunda dogo jeusi. Nikadhani zabibu. Nikauma. Chumvi! Nikamuuliza kijana jirani yangu ni kitu gani, akasema ni zeituni. Zeituni! Miaka yote nasoma habari za Mlima wa Mizeituni, sikujua Bwana wetu aliomba katikati ya vitu vikali hivyo. Nikaila yote, kwa heshima.

Uwanja wa Doha: kilo mbili za unga

Zawadi aliniambia niende na unga wa ugali wa mahindi yetu. Nikatia kilo mbili kwenye mfuko wa nailoni mweupe, nikafunga fundo. Nyinyi mngeona unga. Yule askari wa forodha aliona kitu kingine. Akauinua, akaunusa, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Nikawa nimezungukwa na watu watatu wenye sare, na mkoba wangu umelazwa wazi, mpaka gagulo liko juu ya meza.

Kiingereza changu ni cha masomo ya jioni, kikiona sare kinakimbia. Nikaona niwaoneshe kwa mikono. Nikashika sufuria ya hewani, nikamimina, nikasonga kwa nguvu, nikageuza, nikamega, nikala. Wale vijana wakatazamana. Mmoja alijizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka, lakini unga hawakuachia. Karibu saa nzima nimesimama, naimba tenzi moyoni.

Ndipo akapita mama wa usafi na ndoo yake, akaangalia ule mfuko, akasema, "Mungu wangu, unga!" Mkenya, wa Kisii. Akawaeleza kwa Kiarabu, mkono mmoja bado umeshika fagio. Wakanirudishia kila kitu, mmoja akanikunjia na gagulo.

"Mama," akaniambia yule wa usafi, "siku nyingine andika tu juu ya mfuko. Watu hawa si wabaya. Hawajui tu ni nini."

Sikulitilia maanani neno lile wakati ule.

Muaither: kitanda kimesimama ukutani

Zawadi anakaa Muaither, kwenye nyumba kubwa iliyogawanywa kwa mbao. Upande huu yeye, upande ule nesi wa kutoka Nakuru ambaye hupiga chafya usiku na Zawadi anamjibu "Pole" kupitia ukutani. Mwanangu amekonda. Nilimkumbatia nikashika mifupa.

"Wanakulisha nini hapa?"

"Mama, nakula. Ni mawazo."

Nilipokaa ndipo nikaona, nyuma ya mlango, kitanda kidogo cha mtoto kimesimamishwa ukutani, kingali kwenye plastiki. Rangi ya waridi. Moyo wangu ukafanya pu!

"Umeshakinunua?"

"Nilikipata kwa mtu anayehama. Ningengoja, kingechukuliwa."

"Na nafasi umepata?"

Akasema chai itapoa.

Nikalala nikikiangalia kile kitanda. Mpaka usiku ule, habari ya Imani kuondoka ilikuwa maneno ya simu. Sasa ilikuwa na miguu minne.

Mesaimeer: Jumapili ya siku ya Ijumaa

Kule ibada ni Ijumaa. Nilivaa nguo yangu ya Jumapili nikijiona kama mwenye kosa. Makanisa yote yamewekwa ndani ya ua mmoja, Mesaimeer. Unapita kwenye ukaguzi kama uwanja wa ndege, na nje huoni msalaba hata mmoja. Lakini ukiingia! Huku Wahindi wanaimba, huku Wafilipino, na kwenye chumba cha mwisho ghorofani, Kiswahili. Manesi, walinzi, madereva, wasichana wa kazi za nyumbani waliopewa saa mbili tu. Nililia kabla hata hawajafungua kwa sala.

Wakati wa kutoa mahitaji, mmoja akaombea mama yake mgonjwa, mmoja mwajiri wake alainike. Kisha nikamwona Zawadi wangu anasimama.

"Naomba mniombee saa saba," akasema. "Kazini malori yanakwenda vizuri asubuhi yote. Ikifika saa saba mpaka saa tisa lango linalala. Miezi miwili sasa. Wameniongezea mashine, bado. Meneja anadhani ni mimi ninayelala. Wiki ijayo anaamua."

Na kanisa zima likanyoosha mikono, likaombea foleni iishe. Mama mmoja mwenye sare ya ulinzi alikuwa anakemea msongamano kwa jina la Yesu, jasho linamtoka.

Nami nilinyoosha mkono. Lakini nilishtuka, wapenzi. Miaka kumi na nane naamka saa tisa usiku kukanda unga na kumwomba Mungu anibariki kazi ya mikono yangu, na baraka yenyewe ilikuwa ni foleni. Sijawahi hata siku moja kuomba lori la mtu liende.

Deponi: mstari wa njano

Jumamosi nikaenda na Zawadi kazini. Waliruhusu mgeni mmoja akae ofisini, pale langoni, kwenye chumba kilichochongwa kutoka kontena. Niliamka mapema nikapika mahamri ya wenzake, nikajaza thermosi kubwa chai ya tangawizi.

Kwanza nilidhani tumekuja siku ya mapumziko. Hakuna kelele. Hakuna anayegonga bati la lori, hakuna dalali, hakuna mtu anayekimbia na karatasi kichwani. Lori linakuja, mti wa lango unainuka wenyewe, mashine imeshasimama na kontena lake mkononi inamngoja.

"Wenye mizigo wako wapi?"

"Kwenye simu, Mama. Kila dereva amepewa saa yake. Nikimwambia saa nne na robo, anafika saa nne na robo."

"Na mashine ikiharibika?"

"Vipuri viko stoo kabla haijaharibika."

"Kabla?"

"Kabla. Tairi inabadilishwa na bado nzima."

Nikashika kichwa. Nikaamua nipime kwa Zaburi ya ishirini na tatu. Lori likiingia naanza "Bwana ndiye mchungaji wangu." Nilisoma mara nne, lori likatoka limebeba. Kwetu ningemaliza Zaburi zote mia na hamsini na Mithali nikagusa.

"Na mama wa chai?" nikauliza.

Zawadi akageukia kompyuta yake.

Saa saba ikafika. Kama mtu aliyezima taa. Kwenye kompyuta yake vidoti vya kijani vikaanza kugeuka vyekundu. Malori yalikuwa yanaingia, yanapakiwa, kisha hayatoki. Nyuma yake mengine yanabanana. Zawadi akaanza kuuma kucha kama alivyokuwa darasa la tatu.

"Unaona? Mizani ya malori inafanya kazi. Mashine tatu zinafanya kazi. Sijui, Mama. Nimehesabu kila kitu."

Yeye alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta. Mimi nikaangalia kioo cha dirisha. Nyuma ya mizani kuna ukuta mrefu, na saa ile ndipo pekee penye kivuli. Lori lilitoka kwenye mizani, likasogea kidogo, likasimama. Dereva akashuka, akachuchumaa ukutani, akatoa mkate mkavu kwenye mfuko wa suruali. Wa pili akasimama nyuma yake. Wa tatu.

Sikufikiri. Ningesema nilifikiri ningekuwa naongopa. Mkono wangu ulishika kikapu, mwingine thermosi, miguu ikatoka. Mnaonijua mnajua: lori limesimama, dereva amechuchumaa, mimi napeleka chai. Nilivuka uwanja ule na leso yangu na kandambili, bila kofia ngumu, bila ile fulana ya kung'aa, nikapita juu ya mstari mnene wa njano nikidhani ni urembo.

King'ora kikalia.

Mashine zote tatu zikasimama na makontena hewani. Mti wa lango ukajifunga. Taa nyekundu zikaanza kuzunguka kila pembe. Kwa sekunde chache hakuna kilichosogea depo nzima isipokuwa mimi, maana nilikuwa nimeshamfikia dereva wa kwanza na nilikuwa nammiminia.

"Karibu chai," nikamwambia.

Akatazama kikombe, akatazama taa. Akachukua kikombe. Wakaja wengine, sita, saba, Wapakistani, Wanepali, na Mganda mmoja anaitwa Sulaiman aliyenena Kiswahili: "Maama, wewe umetumwa na nani?" Mahamri yalikwisha kabla Zawadi hajatufikia mbio.

"Mama! Mama umefanya nini!"

Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye kanzu nyeupe na kilemba cha Kiomani, anatembea pole pole, na ile pole pole ndiyo iliyonitisha.

Nikamwambia Zawadi kwa Kiswahili, haraka, "Ndiye huyu meneja? Ana uso kama aliyemeza ndimu na mbegu zake. Mwambie kosa ni langu, mimi mshamba, anifukuze mimi."

Yule bwana akasimama mbele yangu. "Sikumeza ndimu, bibi," akasema. "Nimemeza nusu saa ya watu wote hawa."

Kiswahili! Tena Kiswahili safi cha visiwani! Nilitamani kontena mojawapo linishukie. Kumbe bibi yake mzaa mama kazaliwa Wete, Pemba, ndiye aliyemlea Maskati. Jina lake Bwana Nasser. Hakucheka. Akamwambia Zawadi, "Njoo ofisini," na mlango ukafungwa.

Nje ya mlango

Hapa ndipo pagumu kuandika.

Nilikaa kwenye ngazi za bati na kikapu kitupu. Nilijua nimemharibia. Na ndani ya kujua kule likapita wazo, dogo, jepesi: basi Imani atabaki kwangu. Nikahisi kifua kinapumua. Nilifurahi. Mimi, mama mzazi, mtoto wangu yuko nyuma ya mlango anapoteza alichokonda kwa ajili yake, na mimi nimefurahi. Nimeshtuka mara nyingi safari hii, lakini hakuna mshtuko kama ule, wa kujikuta mwenyewe.

Nikaomba. Sikupata maneno, nikasema tu "Bwana, Bwana."

Sulaiman akaja kunirudishia kikombe. "Usilie, Maama. Si wewe. Ni njaa."

"Njaa gani?"

"Sisi tunatoka kambini saa kumi ya asubuhi. Jiko la kambi bado halijafungua. Zamani kulikuwa na gari la chakula hapa ndani. Tangu mwaka uanze ofisi kubwa wamelitoa. Barabarani huruhusiwi kusimama, bandarini huruhusiwi kusimama. Pahali pa kusimama ni huu ukuta tu, na kivuli chake kinakuja saa saba."

"Mmemwambia meneja?"

"Nani atasema? Utaambiwa wewe mvivu."

Niliinuka nikabisha ule mlango. Sikungoja kuitikiwa. Zawadi alikuwa amesimama, macho mekundu.

"Bwana Nasser," nikasema, "uniwie radhi kwa ndimu. Lakini nimekaa langoni miaka kumi na nane na malori nayajua. Dereva akingoja karatasi, hubaki juu kwenye kiti, anaogopa kuitwa asisikie. Akingoja mashine, hulala chini ya lori, anajua ni kesho. Dereva akichuchumaa ukutani, huyo ana njaa. Wewe umewaletea mashine ya tatu. Mashine imekula, wao hawajala."

Nikamweleza aliyosema Sulaiman, bila kumtaja jina.

Bwana Nasser akaenda dirishani. Akawatazama madereva pale ukutani, mikono nyuma.

"Zawadi, ulijua haya?"

"Sikujua. Nilikuwa natazama kompyuta."

"Na mimi," akasema. "Nilitia sahihi gari lile litolewe. Niliandikiwa kwamba halina kazi."

Kisha akageuka. "Lakini mstari wa njano umevukwa. Chini ya kontena la tani ishirini, bibi! Ungekufa mbele ya mwanao. Zawadi ataandikiwa onyo, siwezi kulifuta, na wewe hutaingia tena depo hii."

"Sawa, baba."

Tukafika mlangoni akaniita. "Mahamri. Yana iliki?"

"Yana iliki na tui."

"Yamebaki?"

"Yamekwisha. Wamekula madereva."

Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyekubali hukumu.

Kurudi

Siku tatu zilizobaki Zawadi hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliosha vyombo, akanikunjia nguo, jioni akanipeleka kuona majengo yenye taa. Sikuona hata moja.

Pale uwanjani, kabla sijaingia ndani, nilimwambia. Nilisema, "Mwanangu, ulipokuwa na meneja, nilifurahi. Nilidhani Imani atabaki."

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Ulipofungua mlango nilikuona usoni. Ulikuwa na uso wa mtu anayekuja kurudisha kitu."

Akanishika mabega, akanipangusa machozi kwa leso yangu mwenyewe. "Na ulikirudisha," akasema. "Nenda, utachelewa."

Sikuchelewa. Ndege iliondoka kwa dakika yake. Nilikuwa nataka ichelewe.

Langoni kwetu

Nilirudi Jumanne. Nyote mliona foleni ilikuwa mpaka kwa kinyozi, tairi tena. Nikawasha jiko kama kawaida. Lakini safari hii nilimuuliza dereva mmoja, wa kutoka Malaba, tangu lini uko hapa? Akasema tangu Jumamosi, na mkewe amejifungua Jumapili. Miaka kumi na nane sijawahi kuuliza. Sikuwa na mashine ya kumpa wala muhuri. Nilimpa chai nikaenda kumwambia karani wa depo, mbele ya watu, kwamba tairi ya akiba ingekuwa stoo, mtoto yule angeshamwona baba yake. Akaniambia, "Mama Zawadi, umeanza kupanda ndege umekuwa mhandisi?" Watu wakacheka. Nitamwambia tena kesho.

Ijumaa iliyopita Zawadi akapiga simu. Gari la chakula limerudishwa, saa tano, kabla ya kivuli. Nyuma ya mizani wamejenga banda lenye maji. Saa saba malori yanatoka sawasawa na saa nne asubuhi. Na onyo liko kwenye faili lake, karatasi moja, na nyuma yake karatasi ya pili: amepewa usimamizi wa zamu.

Nikasema "Aleluya." Nikakata simu. Nikakaa chini kwenye gunia la makaa.

Imani anaondoka shule zikifungwa. Nimemwambia kuna kitanda cha waridi, akauliza kama kule pia kuna vikombe vya kupanga. Begi lake nimelifunga mwenyewe, mapema, nisije nikajikuta nachelewesha. Ndani nimetia unga kilo mbili. Juu ya mfuko nimeandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, kwa mkono wangu: UNGA WA UGALI. Na chini yake Kiarabu, nilikinakili kutoka simu ya Zawadi, nusu saa, herufi moja moja kutoka kulia, ili mjukuu wangu asisimamishwe.